Kulia Juu ya Kushoto

Picha niliipiga mimi, Jumapili moja ya Julai mwaka 1983, kwenye uwanja wa hekalu la mtaani kwetu, kusini mwa Osaka. Kulikuwa na tamasha la kiangazi. Ngisi walichomwa kila kona, na watoto walichutama kuzunguka beseni wakijaribu kunasa samaki wadogo wekundu kwa vijiko vya karatasi, vijiko vikiloa na kutoboka, watoto wakilalamika.

Mdogo wangu Chizuru alikuwa na miaka ishirini na moja. Alipiga gitaa na kuimba. Mitsue, aliyesoma naye tangu shule ya msingi, alipiga besi. Fumika, binti wa kinyozi wa mtaa wa pili, alipiga ngoma. Bendi yao iliitwa Karashi, yaani haradali. Waliimba muziki wa panki, wa haraka na wa kuchekesha, nyimbo za mkate, za baiskeli, za paka aliyekataa kurudi nyumbani, na wimbo uliisha kabla chai yako haijapoa. Albamu yao ya kwanza walikuwa wameirekodi chumba cha nyuma cha duka la santuri la Bwana Hirooka. Waliipa jina Kingyo, kwa ajili ya wale samaki wekundu. Kilichobaki kilikuwa jalada.

Mama aliwavalisha mwenyewe yukata, lile vazi la pamba la kiangazi, na kuwafunga mikanda.

"Fumika, simama wima. Unajikunja kama kamba wa kuchemsha."

"Mama, unanibana! Nitapumulia wapi?"

"Utapumua ukishapigwa picha. Mitsue, wewe acha kucheka, zamu yako inakuja."

Kwa kila mmoja Mama alilaza upande wa kulia kifuani kwanza, kisha akaufunika kwa upande wa kushoto, akapapasa pale zinapokutana. Kwetu hilo halifundishwi kwa maneno. Mtoto hulijua kabla hajajua kufunga viatu. Aliye hai huvaa kushoto juu ya kulia. Kulia juu ya kushoto huvalishwa maiti.

Chizuru alisimama katikati, Mitsue upande mmoja, Fumika upande mwingine, kila mmoja na mfuko wa maji wenye samaki. Nilikuwa mwandishi wa gazeti la jioni, nimezoea kupiga picha za nyumba zilizoungua. Niliwaambia watazame mbele. Walitazama mbele. Kesho yake nikampelekea Hirooka filamu.

Santuri zilifika mwanzoni mwa Agosti, siku chache kabla ya Bon, siku ambazo wafu hurudi majumbani na kupokewa kwa taa. Wasichana walikuja na boksi nyumbani, wakalimwaga mezani, wakipiga kelele. Mama alifuta mikono, akachukua moja, akaitazama. Kisha akailaza kifudifudi.

"Nani kawavalisha hivi?"

"Wewe, Mama," Chizuru akasema. "Umesahau ulivyotubana?"

"Si mimi."

Nilichukua jalada. Rangi zilikuwa nzuri, samaki wanang'aa. Wote watatu walikuwa wamevaa kulia juu ya kushoto.

Nilitoa picha zangu kwenye droo. Zote zilikuwa sawa. Nikampigia simu Hirooka.

"Ah, hiyo," alisema. "Anga tupu lilikuwa upande usiofaa, herufi za jina hazikupata pa kukaa. Fundi akaigeuza filamu. Wameshika samaki tu, hakuna gitaa hapo, nani atajua?"

"Bwana Hirooka, umewatazama kifuani?"

Nilisikia akivuta karatasi.

"Sikuona," alisema. "Nilikuwa natazama herufi. Hata fundi alikuwa anatazama herufi. Nitazichapa upya. Nitazichapa upya leo hii."

Chizuru akanipokonya simu. "Bosi, usithubutu! Maiti wa kwanza Japani kupiga panki! Wale wa Tokyo na nywele zao za kusimama hata hawajafika huko!"

Mitsue alicheka mpaka akakaa sakafuni. Fumika akajilaza kwenye mkeka, macho kafumba, akipiga ngoma hewani kwa vijiti viwili vya kulia chakula. Mama hakucheka.

"Chizuru. Waambie wageuze."

"Mama, ni karatasi."

"Wageuze kabla ya Bon. Wanaorudi wataona nguo zao zimevaliwa na watu wengine."

"Basi tutawauzia santuri. Wana muda mwingi wa kusikiliza."

Mama alichukua kitambaa cheupe kabatini akafunika zile santuri. Alikivuta taratibu, kuanzia chini kwenda juu, kama anayefunika uso.

Onyesho la kutambulisha albamu lilifanyika Bon ikiwa katikati, mchana, kwenye ukumbi wa chini ya ardhi mjini. Palijaa. Wengi walikuwa wanafunzi waliokuwa wameshanunua santuri kwa Hirooka, wamezishika kifuani. Karashi walipiga vizuri kuliko siku zote. Wimbo wa mwisho ulikuwa wa kupiga makofi, na Chizuru akawapa ishara watu waanze.

Sauti ya makofi haikuwa sauti ya makofi. Ilikuwa nzito na butu, kama mtu anayepiga godoro. Nilisogea mbele. Wote waliokuwa na santuri walikuwa wameziweka sakafuni ili wapate mikono, na wote walikuwa wanapiga makofi kwa migongo ya mikono, jinsi wazee wetu husema wafu hupiga.

Nilimgusa kijana aliyekuwa karibu yangu. "Mbona unapiga hivyo?"

"Hivyo vipi?" Alikuwa anatabasamu, jasho linamtoka. Aliendelea kupiga. Ngozi ya vidole vyake ilikuwa imeshachubuka.

Niliandika habari fupi kuhusu onyesho lile. Hilo sikuliandika. Sikujua ningeanzaje.

Fumika ndiye aliyekuwa wa kwanza. Mwishoni mwa Agosti aliwaambia wenzake kwamba ngoma zake zimekaa vibaya, akazihamisha zote, ya kulia kushoto, ya kushoto kulia, na akapiga hivyo bila kukosea. Walimtania kwamba amelewa. Wiki iliyofuata akashikwa na homa na kikohozi, baba yake akampeleka hospitali, wakampiga eksirei ya kifua. Daktari aliirudisha ile picha kwa fundi akidhani kaiweka kinyume. Ikapigwa ya pili. Moyo ulikuwa upande wa kulia.

"Wapo wanaozaliwa hivyo," daktari akamwambia baba yake. "Si wengi, lakini wapo."

"Kila mwaka shuleni walipimwa vifua," kinyozi akajibu. "Kila mwaka. Mngekuwa mmeniambia."

Fumika alifariki kabla homa haijashuka. Tulimkuta nyumbani kwao amelazwa, kichwa kaskazini, nguo nyeupe, kulia juu ya kushoto kama inavyotakiwa. Mama yake alikuwa amemchana nywele. Chizuru na Mitsue walikaa kando yake.

Niliporudi chumbani kwangu nililitazama jalada. Sijui kwa nini. Nililiweka chini ya taa, nikachukua kioo cha kukuzia herufi.

Chizuru na Mitsue walikuwa kama walivyokuwa. Fumika alikuwa amevaa kushoto juu ya kulia.

Nilitoa jalada la pili, na la tatu, na yote yaliyokuwa nyumbani. Kote ilikuwa hivyo hivyo. Kazi yangu ilikuwa kuuliza watu maswali mpaka jambo lieleweke. Nilimwonyesha Hirooka, nikamwuliza kama alichapa toleo jingine. Aliapa kwamba hakuchapa. Uso wake ulikuwa wa kijivu.

"Aliye hai sasa ni huyu," alisema, akinyoosha kidole kwa Fumika wa kwenye karatasi, bila kumgusa.

Sikumwambia Chizuru. Mitsue ndiye aliyenipigia simu ofisini.

"Kaka," alinong'ona. "Nikuulize kitu, usicheke."

"Uliza."

"Moyo wako uko upande gani?"

"Kushoto."

"Kushoto ni upande gani?"

Nilimwambia ni ule wa mkono usiotumia kulia chakula. Nilisikia nyuma yake bomba la maji likitiririka.

"Nakula kwa yote miwili," akasema. "Tangu juzi. Nauweka mkono kifuani nausikia, kaka, lakini haupo mahali pake. Uko kama mgeni aliyekaa kiti cha mwenyeji."

Nilimwambia asitoke, nakuja. Lakini Mitsue alikuwa mtu wa kutotulia, na nyumba yao ilikuwa na ukimya wa watu wanaomwogopa. Alichukua baiskeli aje kwetu, kwa Chizuru. Barabara aliyopita ilikuwa pana, jua limewaka, saa za watu kutoka sokoni. Dereva wa lori la mbao aliyemgonga alilia mbele ya polisi kama mtoto. Nilikuwepo, nilisikia maelezo yake.

"Alikuja upande wangu. Nilipiga honi. Nikapiga honi. Akanipungia mkono kwamba mimi ndiye nimekosea njia."

Kwenye jalada, Mitsue akawa amevaa kushoto juu ya kulia.

Sasa Chizuru alijua. Haikuwezekana asijue. Siku ya mazishi ya Mitsue alirudi nyumbani, akaliinua jalada bila kuomba ruhusa ya mtu, akalitazama, akalirudisha chini ya kitambaa. Kisha akanigeuzia mgongo, akavua koti.

"Sikiliza," alisema.

Niliweka sikio mgongoni kwake, chini ya bega la kushoto. Nilisikia pumzi. Moyo niliusikia mbali, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba ya jirani. Nikasogeza sikio. Nikasogeza tena.

"Uko katikati," nikasema.

"Jana ulikuwa bado huku." Aligusa kidogo kushoto kwa uti wa mgongo. "Unatembea, kaka. Nikilala nausikia unatembea."

Alikuwa msichana wa kumjibu kila mtu. Aliwahi kumfukuza jukwaani mwanamume mwenye kilo mia kwa maneno tu. Sasa alisimama katikati ya chumba, mabega yamejikunja, na akauliza kwa sauti ndogo kama angeweza kulala karibu na Mama.

Tulianza kukusanya santuri. Wazo lilikuwa la Hirooka. Alikuwa amechapa jalada jipya kutoka filamu yangu, safari hii likiwa sawa, wote watatu kushoto juu ya kulia, na alitaka tubadilishe kila nakala iliyouzwa. Alifunga duka. Alitangaza redioni, alibandika matangazo kwenye vyuo, alisimama vituo vya treni na mfuko wa majalada mapya shingoni. Alikuwa mtu mnene. Mwezi ule mkanda wake ulifika tundu la mwisho. Watu wengi walirudisha. Wengine walituambia kwamba hata wao hawapendi kuwa na kitu kile ndani ya nyumba, ila hawakuweza kueleza sababu.

Kila jioni nilisikiliza mgongo wa Chizuru. Kila jioni nilisogeza sikio kulia kidogo.

Mmoja alikataa. Alikuwa mwanafunzi wa Kyoto aliyeitwa Nagatani, chumba chake kimejaa santuri mpaka kitandani. Nilimkuta anakula tambi za kikombe.

"Hiyo ni nakala ya kwanza, mzee," alisema. "Wawili wameshafariki. Unajua itakuwa na thamani gani?"

"Wa tatu ni mdogo wangu."

"Pole sana. Lakini kwa nini nikupe?"

Nilipiga magoti pale mlangoni, kwenye viatu vyake, nikaweka paji la uso sakafuni. Sijawahi kufanya hivyo mbele ya mtu, si kabla wala baada.

"Santuri baki nayo," nikasema. "Nipe jalada tu. Nakuomba."

Alisimama na kijiko mkononi. "Jamani, mzee, inuka. Watu watadhani nakudai." Alikwenda kulitafuta. Nilimsikia akilivuta. Aliporudi alikuwa amelishika kwa ncha mbili za vidole.

"Nikuulize. Mlichapa matoleo mawili?"

"Kwa nini?"

"Kwenye bango la onyesho wote walikuwa wanatazama mbele." Aliligeuza kwangu. "Hapa hawa wawili wanamtazama huyu wa katikati."

Nilitazama. Fumika na Mitsue walikuwa wamegeuza nyuso. Walikuwa wanamwangalia Chizuru kwa upendo, kama unavyomtazama rafiki aliyechelewa kuja, ukamwona kwa mbali akivuka barabara.

"Chukua," Nagatani akasema. "Chukua na santuri yenyewe. Ondoka nayo."

Nilirudi Osaka kwa treni. Sikuliweka kwenye begi. Nililishika mapajani, uso chini, mikono yangu miwili juu yake.

Nyumbani nilimkuta Mama kamshikilia Chizuru mabegani. Chizuru alikuwa anajaribu kunywa supu na kila kijiko kilikwenda kwenye shavu. Niliweka sikio. Moyo ulikuwa umevuka uti wa mgongo. Ulikuwa unapiga chini ya bega la kulia, polepole, kwa utulivu, kama mtu aliyeshafika.

"Majalada yote yamepatikana," nikasema. "Hili ni la mwisho. Yote yapo."

"Na bado," Mama akasema.

Na bado. Tulikuwa tumefanya kila kitu, na moyo wa mtoto ulikuwa unakwenda zake.

Mama alisimama. Aliingia chumbani, akatoka na yukata ya Chizuru, ile ya siku ya tamasha. Za Mitsue na Fumika zilikuwa zimeshachomwa pamoja nao, maana kwetu maiti huchomwa kwanza, kisha mifupa ndiyo huzikwa; wazazi wao waliziweka ndani ya majeneza. Ile ilikuwa imebaki peke yake.

"Huyo wa kwenye picha amevaa kama maiti na hajazikwa," Mama akasema. "Ndiyo maana anahangaika. Anatafuta atakayezikwa badala yake. Twendeni kwa mtawa. Tumzike yeye."

Hekalu la ukoo wetu lina tanuri dogo la matofali nyuma, ambako kila vuli mtawa huchoma wanasesere na picha za zamani ambazo watu wanaogopa kuzitupa. Tulimpeleka Chizuru kwa teksi asubuhi. Mtawa alikuwa mwanamume wa umri wangu, aliyerithi kazi ya baba yake, kama ilivyo kawaida kwetu, bila hamu kubwa. Alitusikiliza mpaka mwisho.

"Mama, siwezi kumfanyia mazishi aliye hai. Hata kwa kuigiza. Hayo hayachezewi."

"Sikuombi umzike huyu." Mama alikuwa ameinama mpaka paji la uso limegusa mkeka. "Huyu ni mwanangu, yuko hapa, anapumua, mguse. Naomba umzike yule mwingine."

"Yule mwingine ni picha."

"Basi ni kazi yako ya kila mwaka. Unachoma picha. Choma na hii."

Mtawa alimtazama Chizuru. Midomo yake ilikuwa ya bluu. Alikuwa anapiga kifua chake polepole, upande wa kulia, kama mtu anayebembeleza mtoto.

"Nichomee, baba mtawa," Chizuru akasema. "Sina muda wa adabu."

Mtawa akavaa joho lake.

Hirooka alileta boksi la mbao lililokuwa la kusafirishia santuri. Mama aliitandika yukata ndani, tupu, mikono imenyooka. Akalaza upande wa kushoto. Akaufunika kwa upande wa kulia. Juu yake tukapanga majalada yote ya zamani. Hapakuwa na kitu kingine. Natilia mkazo hapo. Niliweka mikono yangu ndani ya boksi mwenyewe, nikagusa pembe zote. Kitambaa, karatasi, basi.

Hirooka alipigilia kifuniko. Tukaliingiza tanurini. Mtawa akawasha, akafunga mlango wa chuma, akaanza kusoma.

Jua lilikuwa juu. Upande wa pili wa ukuta watoto wa shule walikuwa uwanjani, filimbi ya mwalimu inalia. Chizuru alikaa kwenye benchi, Mama kamkumbatia mbele, mimi nyuma, sikio langu mgongoni kwake.

Mwanzo hapakuwa na kitu. Karatasi hushika haraka. Moshi ulitoka mweupe.

Kisha Chizuru akasema, "Miguu."

"Nini?"

"Miguu yangu inaungua."

Mama alimvua viatu. Miguu ilikuwa baridi.

"Magoti, Mama. Magoti."

Mtawa aliongeza sauti. Moshi ukageuka. Ukawa mweusi, mzito, wenye mafuta, na harufu yake siyo ya karatasi. Mimi nilizoea nyumba zilizoungua. Niliijua harufu ile. Hirooka naye aliijua. Alijifunika mdomo.

"Zimeni," Chizuru akasema. "Zimeni, nipo ndani. Kaka! Nipo ndani!"

Hirooka alikimbilia mlango wa chuma. Mama akapiga ukelele ambao sijapata kuusikia tena.

"Usifungue! Hirooka, ukifungua nitakuua!"

"Anaungua!"

"Huyu ninaye! Ninaye hapa! Usifungue!"

Chizuru alijinyonga mikononi mwetu. Alikuwa na nguvu za watu watatu. Sikio langu halikutoka mgongoni kwake. Moyo ulikuwa unapiga kulia, haraka, haraka mno. Kisha ukasita.

Haukupiga.

Haukupiga.

Ndani ya tanuri kitu kilianguka, kwa uzito, kama mtu anapokaa chini ghafla.

Kisha nikausikia. Pigo moja. Nikasogeza sikio. Pigo jingine. Chini ya bega la kushoto, pale pale ulipokuwa tangu azaliwe.

"Maji," Chizuru akasema. Alichukua kikombe kwa mkono wake wa kulia na akanywa bila kumwaga hata tone. Mama alikaa chini kwenye changarawe, akalia kwa kwikwi, kiatu cha mtoto wake mkononi.

Mtawa aliendelea kusoma mpaka moto ukazimika wenyewe. Ilipofika alasiri aliufungua mlango ili ayatoe majivu. Alivuta sinia ya chuma ya majivu mpaka nusu. Akaacha. Akatuangalia, kisha akaiangalia tena.

"Mliniambia nguo na karatasi," alisema.

Katikati ya majivu kulikuwa na mifupa. Myeupe, safi, imelala kwa mpangilio wake, miguu huku, kichwa kule. Ilikuwa ya mtu mmoja. Mtu mzima, mwembamba, si mrefu.

Hakuna aliyesema tuite polisi. Nilikuwa na namba za polisi wa nusu ya mji kichwani, na sikuzikumbuka. Mtawa aliingia ndani, akatoka na chungu cheupe na vijiti virefu, viwili viwili. Mfupa ukishakuwa mfupa, unaokotwa. Hilo kwetu halina mjadala. Tulisimama wawili wawili, mimi na Mama, tukashika kila kipande pamoja, kuanzia miguuni kwenda juu, ili aliyemo chunguni akae wima.

Chizuru alitazama kutoka kwenye benchi. Tulipofika kwenye shingo alisimama, akaja, akachukua vijiti kutoka mkononi kwangu. Yule mfupa mdogo wa koo, unaofanana na mtu aliyeketi, ambao huwekwa karibu na mwisho, aliuokota yeye na Mama.

Tulikiweka chungu ndani ya kaburi la ukoo wetu. Hakina jina, kwa sababu mwenye jina yupo. Chizuru hakuwahi kupiga gitaa tena. Aliolewa na mwuza mboga, akapata wavulana wawili, hajaugua zaidi ya mafua. Mwuza mboga anajua mkewe aliwahi kuwa na bendi. Anajua wenzake walikufa. Anadhani ndiyo sababu ya kutoimba hata jikoni.

Mama alifariki majira ya kuchipua mwaka jana, kwa uzee, usingizini. Fundi wa mawe alikuja kuondoa jiwe la mbele ya kaburi ili tumweke. Kaburi letu ni chumba kidogo cha mawe, giza, chenye rafu. Mwaka ule wa 1983 kile chungu tulikiweka nyuma kabisa, ukutani, nyuma ya babu na bibi. Nilikiweka kwa mikono yangu. Tangu hapo jiwe lile halikufunguliwa.

Fundi alisukuma jiwe kidogo, likagoma. Akasukuma tena. Akainama, akachungulia kwenye ufa.

"Kuna kitu kimeegemea jiwe," akasema. "Kwa ndani."

Kilikuwa kile chungu. Kilikuwa kimefika mlangoni. Vyungu vya babu na bibi vilikuwa vimesogezwa kando, kimoja huku na kimoja kule, kama unavyowapisha watu kwenye njia nyembamba.

Fundi alituangalia, akachukua sigara, akaenda kuivutia mbali.

Chizuru alipiga magoti. Alikishika kile chungu kwa mikono miwili, akakirudisha ndani. Alikisukuma mpaka mkono wake wote ukaingia gizani, mpaka bega likagusa jiwe, mpaka tukasikia kikigonga ukuta wa nyuma. Kisha akamweka Mama mbele yake, katikati ya njia.

Tuliingia kwenye teksi, teksi ikaondoka.

"Siku yangu ikifika, kaka," alisema, akitazama dirishani, "usije ukaniweka mle. Hatuwezi kukaa wawili."